Kipenga Kisichosubiri

Alhamisi, 29 Agosti

Nimenunua kipenga kipya! Mke wangu ameuliza kile cha zamani kilimkosea nani. Hakikumkosea mtu – kimezeeka tu, kama mwenye nacho. Gololi ya ndani imelainika kwa mate yangu ya miaka mingi. Ikilowa inaganda, nami nabaki natoa upepo mtupu kama mtu anayepoza chai. Juzi beki aliushika mpira kwa mikono miwili na akauweka chini mwenyewe kabla sijasikika. Wakanicheka mpaka waliokaa kwenye ukuta.

Muuza vifaa vya michezo ni mama mmoja mkali. Amebandika karatasi ukutani: UKIPULIZA UMENUNUA. Sasa mtu achague kipenga kwa macho? Nimevishika kimoja kimoja, nimevitikisa sikioni kama mtu anayechagua nazi. Cha chuma – kizito, baridi kwenye meno. Cha kuvaa vidoleni – hicho waachiwe wanaopenda kupigwa picha. Mwishoni nimechukua cheusi cha plastiki, hakina gololi wala chochote ndani. Yule mama amesema hiki hata ukikihemea kinalia. Nilipotoka tu mlangoni nikajaribu kidogo. Mwenye baiskeli akafunga breki katikati ya barabara!

Jumapili nina mechi kubwa, timu ya mtaa wetu na Kijani. Mtaa wetu wakishinda, wanapanda daraja. Sare inawatosha Kijani. Na mshambuliaji wa mtaa wetu ni Shemeji – mdogo wake mke wangu, anayekaa kwetu, chumba cha uani. Nilimwomba Katibu wa marefa anitoe. Akawauliza viongozi wa Kijani, nao wakasema hapana, huyu kinyozi hana upande, achezeshe yeye.

Nimefurahi kuliko inavyofaa. Saluni mimi ni mtu wa kuambiwa punguza hapa, acha pale. Uwanjani nikinyoosha mkono, watu wazima wanasimama. Sina kingine cha kujivunia, acha nijivunie hicho.

Jumapili, 1 Septemba

Nimevurunda.

Sijui niandikeje. Ilikuwa bila kwa bila, dakika za mwisho kabisa. Winga wa mtaa wetu akaingia ndani ya kumi na nane, beki wa Kijani akamkwatua waziwazi. Penalti ya mchana kweupe. Nikapuliza. Kumbe mpira ulikuwa umeshamtoka mguuni, umemkuta Shemeji peke yake, ameupiga – wavuni! Bao safi. Ila kipenga kilikuwa kimeshalia. Kabla kidogo tu, muda wa kufumba jicho. Uwanja mzima ulisikia. Na sheria haina huruma: kipenga kikilia, mpira umekufa papo hapo. Hata ukiingia wavuni, umeingia ukiwa maiti.

Walikuwa wameshaanza kukumbatiana. Ilibidi niende kuwaachanisha, niwaonyeshe nukta ya penalti. Adhabu niliyotoa kwa faida yao ndiyo iliyowanyang'anya bao! Kapteni wao alinitazama tu.

Shemeji ndiye aliyepiga. Nilisimama karibu. Mpira ukapaa juu ya mtambaa panya, mpaka barabarani.

Kijani wamepanda. Mimi nimetoka uwanjani katikati ya washika vibendera wangu wawili, nimeinamisha kichwa kama mwizi.

Kwa nini sikungoja?

Jumatatu, 2 Septemba

Nimejua kwa nini. Nimekaa mezani na vipenga vyote viwili, cha zamani na kipya, navipuliza kwa zamu mpaka mke wangu akafunga mlango wa jikoni.

Mimi huanza kupuliza kabla sijaamua. Ndiyo mazoea yangu. Kipenga kiko kwenye meno, naona mguu umenyooka vibaya, pumzi inaanza kutoka yenyewe. Kwa kile cha zamani pumzi ya kwanza haikulia, gololi ilikuwa bado inajigeuza. Hapo ndipo nilipokuwa naamua. Nikiona mpira umemfikia mwenzake, nameza pumzi, na hakuna aliyejua. Watu wamenisifu miaka yote, refa mwenye subira, refa mtulivu. Kumbe subira ilikuwa ya gololi! Hiki cheusi hakina cha kusubiri. Kinasema ninachofikiria kabla sijamaliza kufikiria.

Nimemweleza mke wangu hayo yote. Amesikiliza hadi mwisho huku anakunja nguo.

"Sasa hayo nikamwambie nani, mume wangu?" amesema. "Mdogo wangu hajala tangu jana."

Shemeji amejifungia. Viatu vyake vya mpira nimevikuta kwenye pipa la taka asubuhi. Mke wangu amevitoa, amevifuta matope, amevisukuma chini ya kitanda chetu.

Mama mkwe naye amepiga simu. Kwanza salamu ndefu – watoto, afya, mvua, kazi. Halafu kwa upole kabisa: mkwe wangu, kwani mwanangu alikukosea nini? Nikaanza kumweleza sheria. Nani humweleza mama mkwe sheria za mpira kwenye simu? Mimi. Alipokata nilikuwa bado naeleza.

Jumatano, 4 Septemba

Saluni imejaa na wanaonyolewa hawapo. Wamekuja kunitazama.

Mmoja akakaa kitini. Nimemfunga kitambaa shingoni, nimewasha mashine, akainua mkono: taratibu refa, usije ukanyoa kabla sijafika. Saluni nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka. Ndiyo kazi ya kinyozi, mteja akicheka unacheka. Kisha nimemnyoa vizuri kuliko anavyostahili, kingo zimenyooka, spiriti, poda, kioo cha nyuma aone kisogo chake. Mkono haukutetemeka. Nilitamani utetemeke kidogo.

Mwingine akasema nyuma yangu, kwa sauti ya kunifikia, kwamba nilifanya makusudi. Nilitaka Kijani waone sina upendeleo, ndiyo nikamtoa shemeji yangu kafara. Hilo ndilo limeniumiza. Wengine wanasema mimi mjinga, na ujinga nimeukubali. Hili la kafara nimelibeba mpaka nyumbani. Ingekuwa mshambuliaji mwingine amebaki peke yake pale mbele ya goli, ningepuliza? Nadhani ningepuliza. Ni pumzi tu.

Nadhani.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimekwenda kwa mkufunzi wetu wa marefa. Mwanamke wa maneno machache, magoti yamemkataa, siku hizi anafundisha akiwa amekaa. Nilijiandaa kufokewa. Hakunifokea, na hapo ndipo nilipojiona mdogo. Aliniambia nikimbie kidogo mbele yake na kipenga mdomoni. Nikakimbia. Akaniita, akakivuta kutoka kwenye meno yangu kama anayemnyang'anya mtoto pipi.

Kipenga hakikai mdomoni, amesema, kinakaa mkononi. Ukiona rafu, mkono upande. Wakati mkono uko njiani, ndiyo unafikiri. Na mimi hayo nilifundishwa! Kozi ya kwanza kabisa. Nikaona ni mambo ya wanaoanza.

Jioni nimefanya mazoezi uani. Naona, nangoja, mkono, mdomo. Naona, nangoja. Shemeji akatoka chumbani kwake kwenda kuoga, akanikuta nimesimama mbele ya kamba ya nguo na mkono hewani. Hakunisalimu. Aliinama akapita chini ya mashuka.

Nimejaribu kurudi kwenye kile cha zamani. Hakilii tena kabisa. Gololi imeng'ang'ania pembeni, nimeitikisa, nimeiosha kwa maji ya moto, wapi. Nimebaki na hiki cheusi.

Kesho Katibu amenipa mechi ndogo, timu za chini, hakuna kinachogombaniwa. Anasema nirudishe moyo.

Jumapili, 8 Septemba

Siwezi kuandika. Kesho.

Jumatatu, 9 Septemba

Haya.

Mechi ya jana kulikuwa na winga wa Wekundu, wanamwita Sindano kwa wembamba wake. Alipokea mpira pembeni, beki akamkata kwa nyuma. Niliona vizuri, nilikuwa pale pale. Mkono ukaanza kupanda – nikangoja. Mpira ulikuwa bado wa kwao, mwenzake anaukimbilia, mbele kweupe. Nikanyoosha mikono yote miwili, faida, endeleeni. Kama nilivyofundishwa. Nilijisifu moyoni, ndiyo, nilijisifu!

Sindano akainuka. Hilo sikulitegemea. Akainuka anachechemea, mwenzake akamrudishia mpira, na yule beki akamrudia. Sijui alikuwa na hasira, sijui alidhani nimemruhusu. Miguu yote miwili. Ile sauti niliisikia, kila mtu aliisikia. Ndipo nikapuliza.

Mguu, chini ya goti. Hapakuwa na machela. Walimlaza juu ya meza ya waandaaji, wakaibeba hivyo hivyo mpaka kwenye gari. Alikuwa akiniuliza mimi, hakumwuliza mwingine yeyote, si uliona refa? Si uliona?

Niliona. Mara ya kwanza niliona, nikasubiri.

Beki nimempa kadi nyekundu. Alitoka uwanjani analia. Mimi nilimaliza mechi, nikaandika ripoti, nikafika nyumbani, nikala chakula chote kilichokuwa kwenye sahani. Sijui hata kilikuwa chakula gani.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekwenda hospitali. Mguu umefungwa plasta mpaka pajani. Daktari anasema atatembea. Kuhusu mpira hakusema kitu, na Sindano hakuuliza.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Hata sikuyatumia. Sindano ni mpole, angalau angenitukana! Akaniomba nimnyoe. Kichwa kinamwasha, anasema, na saluni hawezi kufika. Nikarudi saluni nikachukua mashine. Nimemnyoa pale pale kitandani, nywele nikizipokea kwenye gazeti zisimwingie shukani. Tumezungumza habari za mvua. Nilipomaliza akajipapasa kichwa, akasema asante, refa.

Jioni Shemeji amezungumza nami. Mara ya kwanza tangu ile siku! Alivuta kiti, akakaa, na mimi moyo ukanipanda kwa furaha. Akauliza habari za Sindano. Nikamweleza yote, beki, faida, jinsi nilivyongoja. Alichezea kifuniko cha chupa.

"Kwa hiyo yeye ulimngoja," amesema.

Akainuka akatoka. Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningepata pa kushika.

Ijumaa, 13 Septemba

Kuna kitu kimeniingia.

Mchana saluni ilikuwa tupu, nikachukua kipenga nijaribu. Nikipuliza hivi hivi kinalia vizuri, mbwa wa jirani wote wakaitika. Halafu nikafumba macho nikajiwekea rafu mbele. Beki anakuja, mguu juu. Mkono ukapanda sawasawa. Midomo ikashika. Pumzi – hakuna! Kifua kimejaa, kooni kumefungwa. Nimerudia mbele ya kioo. Mtu mzima, koti la kinyozi, kipenga mdomoni, mashavu yamevimba na hakuna hata mlio wa panya. Ukipuliza mapema umeharibu, ukichelewa umeharibu, na katikati yake mimi sioni hata nafasi ya unywele mmoja. Wenzangu wanaiona wapi?

Binti yangu alikuwa ametoka shule, akanikuta. Akauliza kama kipenga kimeharibika. Nikasema ndiyo, mwanangu, kimeharibika. Akasema nikirudishe dukani.

Katibu amepiga simu. Jumapili kuna mechi ya kuamua nani ashuke, Njano na Bluu. Hao hawapatani hata wakikutana msibani. Aliyepangwa anaumwa, mwingine amesafiri. Nikamwambia mimi sifai kwa sasa. Akasema kila refa husema hivyo mtu akiumia mbele yake, nirudi upesi kabla woga haujajenga nyumba. Nilitaka kumwambia umeshajenga, umeshahamia, na pazia umeshatundika.

Nikasema sawa.

Mke wangu amesema nimpigie nikatae. "Utaumiza mtu mwingine," amesema. "Na huyo naye utamnyoa?" Tumenuniana. Nimemkasirikia kwa sababu ana haki. Lakini nikikataa mara moja sitaitwa tena. Nitabaki na vichwa vya watu mpaka nife, nasikiliza habari za mechi zilizochezeshwa na wengine. Hilo siliwezi. Naogopa kwenda na naogopa zaidi kutokwenda.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimefua jezi. Nimepiga pasi kaptura. Nimepulizia nje, rafu za kuwaza – mara moja kimelia! Mara moja. Nikafurahi kama mjinga. Nilipojaribu tena, hakuna.

Simu niliishika mara kadhaa nimpigie Katibu. Sikupiga.

Jumapili, 15 Septemba, mapumziko

Naandika chumba cha marefa. Wasaidizi wangu nimewaomba wakae nje kidogo. Mwandiko huu hata mwenyewe sitausoma.

Kipindi kizima nimepuliza mara mbili, kuanza na kumaliza. Katikati hakuna kitu. Hakuna! Mpira ukitoka, vibendera vinainuka, wanarusha wenyewe. Rafu ya kwanza nikanyoosha mikono, faida. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hata faida haikuwepo, mtu yuko chini na mpira uko kwa adui yake, na mimi bado, endeleeni, endeleeni! Mkono unafika mdomoni, unashuka. Jukwaani walikuwa wakinitukana mama yangu. Sikuwasikia vizuri, nilikuwa nasikiliza koo langu.

Mwanzoni wachezaji walilalamika. Kisha wakaacha. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, walipoacha. Wamegundua. Beki mmoja wa Bluu alinitazama kwanza, kama mtoto anayemtazama mama yake kabla ya kuingiza mkono kwenye sukari. Kisha akamkanyaga wa Njano kifundo cha mguu. Akanitazama tena. Mimi nikageuka nikakimbia kuufuata mpira.

Baada ya hapo wote. Viwiko, visigino, hata makipa. Wanalipizana wenyewe kwa wenyewe kwa kuwa hakuna wa kuwalipizia.

Mwamuzi wa akiba ameniuliza kama naumwa. Amevaa tayari, kamba za viatu amefunga. Neno moja tu na kipenga nampa. Na ndiyo basi. Refa aliyeachia mechi katikati kwa woga hapangwi tena, hata mechi ya shule ya vidudu. Nimemwambia anipe dakika.

Halafu akagonga kapteni wa Njano. Nikasimama, nikijua amekuja kunitukana. Mtu mzima, rika langu, damu imemkaukia kwenye soksi. Na nyuma yake, mlangoni, kapteni wa Bluu. Hakuingia, ila hakuondoka.

"Refa, hatukuja kugomba," amesema wa Njano. "Tunaomba upulize tu. Ukituonea sisi, sawa. Ukiwaonea wao, sawa. Hata ukikosea tutakubali, tumeshaongea. Ila puliza. Kule uwanjani tumeanza kuogopana."

Nikasema nimesikia. Wa Bluu akaitikia kwa kichwa, ndiyo. Wakaondoka pamoja, mmoja anachechemea, mwingine amemshika kiwiko.

Hata nikikosea! Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nimekaa hapa nalirudia, na badala ya kunipa nguvu linaniliza. Wanataka kitu kidogo sana, na mimi sina.

Nimekifuta kipenga kwa jezi. Nimekiweka mdomoni nikajaribu kuwaza yule beki, macho yake, kile kifundo cha mguu. Kifua kikajaa. Naandika hivi kikiwa bado mdomoni.

Wanapita koridoni sasa, nasikia njumu kwenye saruji. Timu zote mbili. Msaidizi amegonga. Anasema wamejipanga, bado mimi tu. Mwamuzi wa akiba yuko naye, nasikia sauti yake, anauliza aingie au asiingie.

Nimesema nakuja. Amegonga tena. Nimesema nakuja, na bado nimekaa.